Darasa likiitikia kwa sauti moja, usiridhike bado: jibu kwa mwalimu wa mazoezi wa maandalizi

Waalaykumu salaam mdogo wangu, na hongera kwa kufika hapo.

Kwa wanaoingia kwenye uzi huu sasa hivi: mwenzetu anasomea ualimu wa maandalizi, na amepangiwa mazoezi ya kufundisha skuli ya shamba huku Pemba. Ameambiwa darasa lina watoto zaidi ya 60, wa miaka 4 na wa miaka 5 pamoja. Yumo anayesikia kwa tabu, wamo wasiofungua mdomo kabisa, na wamo walioletwa hali ya kuwa wanazijua herufi zote. Anauliza atawashirikisha vipi wote.

Mimi nasomesha maandalizi Kaskazini Pemba na walimu wa mazoezi nawapokea sana. Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: usiipime shughuli ya darasa kwa kelele ya kuitikia. Mwalimu mgeni akisema "Tuhesabu sote!" na darasa likapaza moja, mbili, tatu hadi ishirini, moyo wake unatua. Hata msimamizi wa chuo akipita dirishani anaridhika. Lakini hebu kaa jamvini, pembeni, wakati mwenzako anawaitikisha, uwatazame midomo. Sauti yote ile ni ya watoto kumi na kitu waliokaa mbele. Wa nyuma anadaka mkia wa neno, mwengine anatikisa kichwa tu, mwengine anachezea ukili wa jamvi. Wale wale unaowaulizia wewe wamejificha humo ndani ya sauti, na kila ukizidi kuitikisha ndivyo wanavyozidi kukupotea.

Jaribu hivi wiki yako ya mwanzo. Chukua komwe, hizi za kuchezea bao, uziweke ndani ya kifuu. Mwite mtoto mmoja aliyekuwa akihesabu kwa nguvu, umwambie, "Nipe komwe tano." Wengi wa miaka 4 watakuchotea konzi nzima. Ukimwambia azihesabu, mdomo utakwenda mbio kuliko kidole, atafika nane na komwe ni sita. Namba anazijua kama anavyojua nyimbo. Bado hajajua kuwa kila namba ina komwe yake, na kuwa ile ya mwisho kutajwa ndiyo idadi yenyewe. Kisha panga komwe sita safu moja, na sita nyengine chini yake, zitazamane. Muulize safu ipi ina nyingi. Atakwambia sawa sawa. Mbele ya macho yake, zitawanye za chini ili safu iwe ndefu, uulize tena. Wengi watakujibu kuwa ya chini sasa ndiyo yenye nyingi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alilieleza jambo hili miaka mingi nyuma, na mimi naliona jamvini kila mwaka wa skuli ukianza. Mtoto huyo si mzito wala si mtundu. Ndivyo umri wake unavyoona, na haliondoki kwa kukariri. Linaondoka kidogo kidogo kwa kushika, kupanga, kugawana na kubishana na mwenzake.

Ndiyo maana nakwambia wagawe. Watoto 60 huwezi kuwakalia wote siku moja, usijaribu. Tandika majamvi sita, na kila jamvi uchanganye wakubwa na wadogo, kwani mtoto wa miaka 5 ana namna ya kumfahamisha mdogo wake ambayo sisi hatunayo tena. Jamvi moja liwe na komwe na vifuu. Jengine vizibo vya chupa vya rangi rangi, jengine sinia la mchanga wa pwani waandike kwa kidole, jengine vipande vya kanga, pakacha na vyombo vibovu vya kuigizia nyumbani, jengine picha na vitabu. La sita nitalieleza. Wewe kaa jamvi moja kwa siku na daftari lako, mwalimu mwenyeji azunguke kwengine. Usingoje zana za dukani. Mradi wa Madrasa Early Childhood, wa elimu ya watoto wadogo, uliofika Zanzibar mwaka 1990, umejenga jina lake vijijini kwa zana za kuokota na kutengeneza kama hizi.

Jamvi la sita huku kwetu ni la karafuu. Msimu ukiingia, watoto hawa wanakaa na bibi zao jioni kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, huku. Nami nikachukua konzi chache za karafuu kavu na makonyo, nikavichanganya, nikavimwaga katikati. Alikuwepo mtoto mmoja wa kiume aliyeingia skuli tangu mwanzo wa mwaka bila ya kusema neno. Ukimwita jina anatazama chini. Alikaa, vidole vikaanza kwenda, na kwa kasi hata mimi nilishangaa. Akapata mafungu mawili. Halafu akalirudia fungu la karafuu, akaanza kutoa moja moja zile zilizokatika vichwa, akaziweka peke yake. Fungu la tatu hakuambiwa na mtu. Msichana wa pembeni akatupia konyo kwenye fungu lake. Akalitoa, akamwambia, "Hili si lake." Mtoto aliyehesabiwa kuwa hashiriki alikuwa anaainisha mafungu matatu, jambo ambalo wenzake wapiga kelele walikuwa bado hawajaliweza.

Basi kwa wale wasiozungumza, usiwasimamishe mbele ya darasa na usiwaahidi pipi wakisema. Wape njia ya kujibu isiyopita mdomoni: aonyeshe, alete, apange, achore mchangani. Kaa karibu yake ufanye kazi ile ile aifanyayo, useme wewe kwa sauti ndogo unachokifanya. Wengine nyumbani wamelelewa na bibi na lahaja ya kijiji chao, na skuli wanasikia Kiswahili kingine na kuchekwa. Neno la nyumbani lipokee kama lilivyo, kisha utumie la kitabuni katika sentensi yako mwenyewe, usimkatishe. Ikiwa wiki zinakwenda na hata nyumbani hazungumzi, hapo zungumza na mwalimu mkuu na wazee wake, lisiachwe.

Anayesikia kwa tabu mweke pahala anapouona uso wako, na wewe usisimame umelipa dirisha mgongo, maana uso unakuwa kivuli na midomo haionekani. Usizungumze huku unaandika ubaoni. Mguse bega kwanza ndipo useme. Ishara za kukaa, kusimama, maji, choo na njoo zifundishe darasa zima, yeye asiwe peke yake mwenye kutumia mikono. Watoto wanazipenda na darasa linatulia bila ya wewe kupiga makelele. Tazama pia masikio. Ukiona usaha, mwambie mama yake ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa upole, kwani wengi wanaliona jambo la kawaida la utotoni, na masikio ya mtoto yanaharibika hivi hivi.

Wanaojua herufi tayari wana hatari yao: tunawageuza wasaidizi wa kugawa vitabu mwaka mzima. Mtoto huyo mwambie agawe komwe kumi kwa watoto watatu akueleze iliyobaki afanye nini nayo. Au mwambie atunge kitendawili cha kuwategea wenzake. Atakuna kichwa, na hiyo ndiyo haki yake.

Sikukatazi kuitikisha. Asubuhi nyimbo ni lazima, mchezo wa ukuti uwanjani ni lazima, na hadithi bila ya "Paukwa!" na "Pakawa!" haina ladha. Watoto wetu wanatoka chuo cha Kurani na hifadhi kubwa vifuani mwao, ni mtaji huo, uheshimu na uutumie. Ila baada ya hadithi uliza suali moja kwa mtoto mmoja, halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Mwalimu mgeni hawezi kuvumilia kimya hicho, anajibu mwenyewe au anawarushia wote, na aliyekuwa ndiyo kwanza anatafuta neno lake anafungwa mdomo.

Kuhusu kuchoka: uliza nani amekunywa chai na nani ametoka chuo cha Kurani moja kwa moja. Kabla ya hapo usimwite mtoto mvivu. Wa miaka 4 hawezi kukaa na jambo moja la mwalimu zaidi ya dakika chache hata akiwa ameshiba.

Na andalio lako la somo, kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi, usiandike "kusikiliza na kuitikia". Andika atashika nini, atapanga nini, atamwambia nani. Msimamizi akiuliza mbona darasa halipazi sauti, mpe daftari lako lenye majina na ulichokiona kwa kila mmoja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliifanya miaka miwili ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Watoto wote hao 60 wamekuja kwa haki, na daftari hilo linaonyesha kwamba umewajua mmoja mmoja.

Ukishafika, uliza kwanza majamvi yapo mangapi na mwalimu mwenyeji ana msaidizi au yuko peke yake. Akiwa peke yake, anza na majamvi matatu wiki mbili za mwanzo, nusu ya watoto wakiwa uwanjani naye. Niandikie hapa hapa hali uliyoikuta, nikueleze tuipange vipi.