Ndimu saba

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ukitaka kujua hali zetu, sote hatujambo ila goti langu, nalo si habari mpya. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu kwenye simu ya mdogo wako, mpaka akaninyang'anya, ati namalizia chaji. Umeniuliza: tangu Ramadhani iingie unampelekea futari jirani yako wa mlango wa pili hapo ghorofani Dar es Salaam, na kila siku sahani inarudi imeoshwa, inang'ara, tupu. Wiki mbili sasa, hata kokwa ya tende haijarudi ndani yake. Uendelee au uwache?

Nakujibu kwa barua kwa sababu kusema na kile kidude siwezi. Nikikibonyeza tu, maneno yote yanakimbia. Kaka yako anavuka Ijumaa, atakuletea.

Kwanza, sahani gani? Kama ni zile za maua nilizokununulia Darajani ulipoolewa, hiyo ni kesi nyengine. Haya, tuliwache.

Mimi unanijua. Tangu mko wadogo nawaambia: sahani ikishavuka kizingiti si yako tena. Bibi yako alikuwa na lake, kwamba chombo cha jirani hakirudi tupu, na sisi wote tumelelewa hivyo. Ukiletewa mbaazi unarudisha japo chumvi. Lakini litazame vizuri neno la bibi yako. Ni la yule anayerudisha. Anayengoja hakuachiwa neno lolote. Anayengoja na ajishughulishe na jiko lake. (Najua utasema nini. Utasema, mama, mbona lile bakuli lako lililokwenda kwa shangazi siku ya hitima ya babu hujalisahau mpaka leo? Sijalisahau. Akija hapa namtazama mikono kwanza, uso baadaye. Basi kila mtu na udhaifu wake.)

Kuna jambo sijawahi kukuhadithia. Habari za mgao nimekuhadithieni mpaka mkachoka, mkawa mnanimalizia sentensi. Hili nilikuwa nalikata kila nikifika karibu yake.

Ramadhani ya mwaka 1971 iliangukia kwenye vuli. Mimi nilikuwa na miaka 11. Ndiyo miaka ile ya mgao, kabla Mzee Karume hajauliwa, mchele wa kupangia foleni, na ukiupata unautazama kwanza kama mgeni. Futari ilikuwa muhogo. Siku ya pili, muhogo. Siku ya kubadilisha, muhogo na papa mkavu. Ng'ambo ya njia, kwa Bibi wa Mwembeni, hali haikuwa nzuri sana kuliko yetu, lakini yeye alikuwa na mbaazi zake shambani, na alikuwa na mkono.

Jioni moja akatuletea mbaazi za nazi. Bakuli la bati jeupe, ukingo wa buluu, limemeguka pahala pawili panaonesha weusi wa chuma, juu kafunikiwa kawa jipya lina rangi ya zambarau. Ile nazi iliganda pembezoni mwa bakuli, mimi na mjomba wako tukaigombania kwa vidole. Sijala mbaazi nyengine kama zile, wala usiniambie za kwako.

Kesho yake baada ya alasiri nikamwona bibi yako kasimama jikoni, bakuli limeshaoshwa, analigeuza mkononi. Akatazama kwenye mtungi wa unga. Akatazama juu ya dari, sijui akitarajia nini. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na ndimu ndani ya upindo wa kanga. Akazifuta moja moja, akazihesabu: saba. Moja ilikuwa na baka. Akaipeleka ile chini, akazipanga nzuri juu, akafunika kawa, akanipa kwa mikono miwili utasema ndani mna biriani.

"Mpelekee Bibi. Mwambie mama anakusalimu."

Sasa kwa Bibi wa Mwembeni walikuwa wamefikia wajukuu zake wawili kutoka Chake, wasichana wa umri wangu, wana makubadhi mapya, wanakaa barazani kutwa wanatazama wapitao. Mmoja wao juzi yake alikuwa kaniuliza, "Nyinyi kwenu mnafuturu kitu gani?" Sikumjibu. Nikawa natembea na lile bakuli na swali lake. Nikawaona kabla hawajaniona, shingo zao zitakavyorefuka kawa likifunuliwa, na chini yake: ndimu. Ndimu, Pemba! Kitu kinachooza chini ya miti, watoto wanachezea mpira.

Katikati ya njia palikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Nikatazama nyuma, nikatazama mbele, nikapindua bakuli. Chubwi, chubwi, chubwi. Nikafunika kawa vilevile, nikaenda nikalikabidhi, nikasema maneno niliyotumwa.

Bibi wa Mwembeni akafunua kidogo, upande wake yeye. Akatazama ndani. Akanitazama. Mikono yangu ilikuwa inanuka ndimu mpaka mimi mwenyewe naisikia. Wale wasichana wakainuka. Yeye akafunika haraka, akalikumbatia bakuli kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Mwambie mama ahsante, ahsante sana, amenitoa dhiki!" Akaingia nalo ndani. Nikiondoka nasikia mmoja anauliza, "Kaleta nini?" Naye: "Si chenu."

Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema. Lakini aliyefunikiwa kombe siku ile nilikuwa mimi.

Hayakuishia hapo. Siku mbili baadaye bibi yako anateka maji, Bibi wa Mwembeni akamkuta kisimani, na mimi nipo na ndoo. Bibi yako akauliza, "Zile ndimu zilikufaa, shoga?" Nikainama, nikajifanya naosha miguu. Mwenzake akamwambia, "Zilinifaa mno. Zote saba nimempelekea yule mja mzito wa nyumba ya mwisho, kila kitu anatapika, ila maji ya ndimu yanakaa."

Zote saba.

Hesabu hiyo aliijua bibi yako, na mimi. Mimi sikuitaja. Bakuli liliingia kwake tupu. Basi kazijuaje? Miaka zaidi ya 50 nauliza. Ama alikuwa ananitazama tangu mtaroni, ama aliingia kwenye ule mtaro mwenyewe, mtu mzima na saumu yake, tope la magotini, akaziokota. Kuna siku nasema hapana, alibahatisha tu, na uongo ni uongo, na ulikuwa mchana wa Ramadhani. Kuna siku nasema kama aliziokota basi wapi uongo? Zilimfaa kweli. Halafu narudi nyuma: lakini "amenitoa dhiki" aliisema bakuli likiwa tupu mkononi mwake! Hapo nakwama. Baba yako, Mungu amrehemu, nilimhadithia mara moja, akasema, "Sasa wewe unataka umshitaki?" Hakuwa na msaada katika mambo kama haya.

Idi mosi ikaja sahani ya tambi kutoka nyumba ya mwisho. Tambi! Kazipata wapi mwaka ule, Mungu ndiye ajuaye. Yule mja mzito kaambiwa ndimu zimetoka kwetu. Bibi yako akafurahi, akasema unaona, kitu kidogo. Akanipa mimi wa kwanza kwa kuwa ndiye niliyezipeleka. Nikala. Nisikudanganye, zilikuwa tamu, na kila tonge lilikuwa linapita kwa tabu.

Sikumwambia mpaka amekufa. Bibi wa Mwembeni naye sikumwambia kitu, wala hakuniuliza kitu. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Mikono ndiyo niliyoomba niioshe mimi.

Kuna maneno ya Mtume, rehma na amani zimshukie, aliyowaambia wanawake hasa, kwamba jirani asikidharau cha kumpa jirani yake, hata ukiwa ukwato wa mbuzi. Siku zote tukisomewa haya nasikia watu wakiyaelekeza kwa mtoaji. Mimi nayasikia kwa mbebaji.

Na usinifanye mtu mwema. Unaikumbuka ile sahani ya kaimati niliyokutuma kwa mama mkwe wa kaka yako, ukarudi na kilio kwamba paka kakurukia zikamwagika? Shira ilikuwa kidevuni, mwanangu. Nilikuwa nimekwishaishika bakora. Nikasema, "Paka wa siku hizi wabaya," nikapika nyengine. Na mwezi uliopita mwenyewe umenihadithia ukicheka kwamba dada wa kazi kavunja lile jagi la mumeo, nawe ukamwambia mumeo limeangushwa na upepo wa dirishani. Nilicheka na mimi. Baadaye sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiri, huyu kaupata wapi huu upepo.

Umesema jirani yako ni mtu wa Bara. Hapo nako sijui. Yule mwalimu aliyepanga kwa ami yako alikuwa vivyo hivyo, sahani zinarudi zinameremeta, tupu, na watu wakamsema sana, hajafunzwa huyu. Kumbe kwao, alivyotueleza baadaye, heshima ni kukirudisha chombo safi; kukitia kitu ni kama kumlipa mtu. Na ndiye huyo aliyekuwa akikaa na watoto wa mtaa mzima barazani baada ya isha, anawafundisha hesabu kwa taa ya chemni, hadai senti. Kaka yako asingefika alipofika. Sahani zetu zilikuwa zikirudi, sisi tulikuwa tunazingojea mlango mwengine.

Lakini pia kuna watu wachoyo tu. Wapo. Sikufichi.

Hukuniambia jambo moja, na ndilo ninalotaka kulijua kuliko yote. Nani anairudisha sahani? Ni mama mwenyewe anagonga mlango, au anamtuma mtoto? Na kama ni mtoto, umri wake ngapi, na kutoka mlango wao mpaka wako ni hatua ngapi, kuna ngazi, kuna pipa la taka njiani? Mwite siku moja mwenyewe, mpe kaimati mkononi, umtazame vidole.

Uendelee au uwache, mimi sisemi. Jiko lako, mumeo, bei ya unga unaijua wewe. Ningekuwa mimi... Lakini mimi si wewe, na nimesema sisemi. Ila sahani za maua usizipeleke, chukua zile za plastiki.

Mdogo wako anakusalimu, anasema umtumie vocha. Mti wa ndimu wa bibi yako ulikufa zamani, huu wa sasa ni mche wake, na mwaka huu umebeba mpaka matawi yanagusa chini. Kaka yako atakuja na kipolo. Nimezitia tu kwa mikono miwili, sikuzihesabu.

Mama yako