Ufadhili wa kukimbia si ufadhili wa udaktari

Wadogo zangu, naona habari inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ukikimbia vizuri unachukuliwa Marekani, unasomeshwa udaktari bure, na chenji inabaki ya kutuma nyumbani. Nani kawadanganya?

Marekani kwa kawaida watu hawatoki sekondari wakaingia udaktari. Kwanza digrii ya miaka 4, ndipo uombe chuo cha udaktari, miaka 4 mingine. Miguu yako inalipia ile ya kwanza tu. Vyuo vingi vya udaktari havichukui wageni kabisa. Vinavyochukua, vingine vinataka uonyeshe pesa ya miaka yote kabla hujaanza, na mkopo wa serikali yao mwenye viza ya mwanafunzi hapati. Hapo ndipo watu hukwama, digrii ya baiolojia mkononi na goti bovu.

Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Msishangilie. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 hata ikikumaliza kutwa, na safari ya basi haihesabiwi. Mkimbiaji wa masafa marefu ana misimu mitatu mfululizo: nyika, ukumbini, uwanjani. Maabara ya kemia nayo inakula saa 3 au 4, mara nyingi alasiri, wakati uleule kocha anawasubiri uwanjani. Wahini maabara za asubuhi. Vyuo vingi huwaruhusu wanamichezo kujisajili mapema. Kemia ya kaboni na fizikia msizibebe muhula mmoja. Na ukizidiwa, usiache somo kimya kimya: ukishuka chini ya krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula bila kibali, umehatarisha viza na ruhusa ya kushindana kwa mpigo. Anza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kocha baadaye.

Msinitajie Roger Bannister, yule mkimbiaji Mwingereza. Kweli, mwaka 1954 alikimbia maili chini ya dakika 4 huku akisomea udaktari. Lakini alikuwa akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, na ada yake haikutegemea kocha.

Sasa pesa. Ada inaishia chuoni, huioni. Sehemu ya chumba na chakula hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14. Viza ya F-1, hiyo ya mwanafunzi, inaruhusu kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hizo saa utazitoa wapi? Kwa hiyo, mama, mtoto asipotuma hajazila. Hana.

Aliyepata nafasi ya udaktari huko nyumbani abaki, akimbie hukohuko. Ila digrii bila deni nayo si kitu cha kutupa, njooni tu. Kabla ya kusaini, tazama barua ya ufadhili ni ya mwaka mmoja au minne, kisha muulize kocha: maabara ikigongana na mazoezi, nani anapisha? Akianza kukusifia jengo lao jipya la mazoezi, mpigie kocha mwingine.