Papa akikutenga, nani anakuasi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na binamu yangu tumegombana kwa sababu ya gemu. Kwenye Medieval II: Total War nilikuwa naongoza Dola Takatifu la Kiroma, nikaivamia Milano. Papa akaniamuru nisitishe vita, nikampuuza, akanitenga na Kanisa. Zamu chache baadaye miji yangu ikaanza kuasi. Binamu yangu anasema huo ni uzushi wa watengenezaji, kwamba Papa hakuwa na jeshi la kumtisha mfalme na adhabu yake ilikuwa maneno matupu. Mimi nasema watu waliogopa moto wa milele. Nani kapatia? Na je, ni kweli kwamba Papa akifa unasamehewa, kama inavyotokea kwenye gemu? Sasa hivi naomba tu mzee afe.
– Mtawala aliyetengwa

JIBU: Marahaba, mtawala. Binamu yako kakosea, na wewe umepatia nusu. Kisa chako kinafanana mno na cha Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani, hata mji wa ugomvi ni ule ule. Mwaka 1075 Heinrich alimsimika mtu wake kuwa askofu mkuu wa Milano. Papa Gregori VII akamkaripia. Januari 1076 mfalme akawakusanya maaskofu wake mjini Worms, wakamwandikia Papa kwamba ashuke kitini.

Jibu la Gregori lilikuja mwezi uliofuata, na lilikuja kama sala. Nasema sala hasa: anamwelekea Mtume Petro, anamweleza yaliyompata, kisha katikati ya maombi hayo anamvua Heinrich utawala wa Ujerumani na Italia, anawafungua Wakristo wote kiapo walichomwapia, na mwisho anamtenga. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia hapo mwishoni kwenye kutengwa. Mimi huwarudisha kwenye kiapo.

Maana fikiria hali ya wakuu wa Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani. Walikuwa wameshaasi, na Heinrich akawapiga vibaya mwaka 1075. Kisasi walikuwa nacho, askari walikuwa nao. Walichokosa ni namna ya kuasi bila kuitwa wasaliti, katika dunia ambayo mtu aliyevunja kiapo chake hakuaminiwa tena na yeyote. Papa hakuwapelekea hata mkuki mmoja, aliwapa ruhusa. Oktoba 1076 wakuu wa Ujerumani wakakutana Tribur wakamwekea mfalme sharti: asipofunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu siku aliyotengwa, hawamtambui. Juu ya hapo wakamwalika Papa mwenyewe aje Augsburg kuamua shauri lao.

Heinrich akaona hatari yenyewe haiko Roma, iko Augsburg. Akavuka milima ya Alpi katikati ya kipupwe pamoja na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo, akamwahi Papa akiwa bado njiani, kwenye ngome ya Canossa iliyokuwa ya Matilda wa Toscana. Siku tatu za mwisho wa Januari 1077 alisimama nje ya lango, miguu mitupu, amevaa sufu ya mtubuji. Wengi huusoma mkao ule kama fedheha. Kwangu mimi ni hesabu kali ya kisiasa, kwa sababu Gregori alikuwa mtawala lakini pia alikuwa padri, na padri hamfungii mlango mtu anayelia toba mbele ya mashahidi. Akamwondolea adhabu. Wale wakuu wakabaki na uasi usio na kisingizio, na Machi wakamchagua mfalme wao, Rudolf wa Rheinfelden, hivyo hivyo.

Gemu lako linapokosea ni hapa: linahesabu kila kutengwa kwa uzito ule ule. Gregori alimtenga Heinrich mara ya pili mwaka 1080, na safari hii alikuwa ameegemea waziwazi upande wa Rudolf. Maaskofu wa Ujerumani na Lombardia hawakutikisika. Wakakaa Brixen wakachagua antipapa, yaani papa wa kumpinga Gregori. Oktoba mwaka huo Rudolf akakatwa mkono wa kulia vitani karibu na mto Elster, akafa kwa majeraha. Waandishi wa zama zile hawakuchelewa kukumbusha kwamba mkono huo ndio aliomwapia nao Heinrich. Mwaka 1084 Heinrich akaingia Roma, na mwaka uliofuata Gregori akafia Salerno, mbali na kiti chake. Kama ni moto wa milele, mwaka 1080 ulikuwa unawaka kama ulivyowaka mwaka 1076. Tofauti ni nani alikuwa na faida ya kuuogopa.

Kuhusu kusamehewa Papa akifa: usitegemee. Heinrich alifariki mwaka 1106 akiwa bado ametengwa, baada ya Gregori kuwa kaburini zaidi ya miaka 20. Mwili wake ukawekwa Speyer katika kikanisa ambacho hakijawekwa wakfu, na haukuzikwa ndani ya kanisa kuu hadi mwaka 1111. Mpe binamu yako hiyo pia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mkatoliki, napenda midahalo. Rafiki yangu Mwothodoksi alinirushia jina la Papa Honorius I, akasema huyo peke yake anatosha kulivunja fundisho la kutokosea kwa Papa. Nilikosa la kusema. Nijibu nini tukikutana tena?
– Dada wa mdahalo

JIBU: Kwanza kubali ukweli wa tukio, usianze kwa kukwepa. Takriban mwaka 634 Honorius alimwandikia Patriaki Sergius wa Konstantinopoli barua ambamo alitaja nia moja katika Kristo, fundisho lililokuja kuhukumiwa kuwa uzushi kwa sababu Kanisa lilishika kwamba ana nia mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu. Alikufa mwaka 638. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ukamlaani kwa jina pamoja na wazushi wengine, na Papa Leo II akauthibitisha mtaguso huo, ingawa lawama yake mwenyewe ilikuwa zaidi kwamba Honorius alizembea akaacha imani ichafuliwe.

Jibu la Kikatoliki ni kwamba Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, katika hati ya tarehe 18 Julai 1870, uliweka masharti: Papa awe anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, akiamua rasmi fundisho la imani au maadili lishikwe na Kanisa lote. Barua kwa patriaki mmoja haifiki hapo. Tamko linalotajwa na wote tangu wakati huo ni la Pius XII mwaka 1950, kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Jibu hilo lina mantiki. Rafiki yako naye anaweza kukuuliza kwa haki: mbona maaskofu wa mwaka 681 hawakuona ajabu yoyote kumlaani papa? Hapo mtavutana hadi usiku na hakuna atakayeanguka.

Ningekuwa wewe ningehamisha uwanja. Hati ile ya mwaka 1870 ina sura nne, na kutokosea ni sura ya nne tu. Ya tatu inasema Papa ana mamlaka kamili na ya moja kwa moja juu ya kila jimbo na kila mwamini, popote alipo. Mwothodoksi anayejua mambo yake huumizwa zaidi na hiyo, kwa sababu inagusa askofu wake wa kila siku, wala si tamko linalokuja mara moja kwa karne.

Na ukitaka ushahidi mzuri wa pande zote mbili, nenda kwenye mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451. Barua ya Papa Leo I iliposomwa, maaskofu walipaza sauti: “Petro amesema kwa kinywa cha Leo!” Wewe utaichukua hiyo. Lakini mtaguso huo huo, katika kanuni ya 28, ukaipa Konstantinopoli heshima sawa na ya Roma, na sababu iliyotolewa ni kwamba mababa waliitukuza Roma kwa kuwa ulikuwa mji wa kifalme. Petro hatajwi. Leo akaikataa kanuni hiyo. Kaeni na kurasa hizo mbili mezani, muulizane kwa nini watu wale wale waliandika yote mawili. Huo ndio mdahalo ningelipia kiingilio kuusikiliza.

Jambo moja la pembeni, maana watu hulisahau: miezi miwili baada ya kura ile ya Julai, tarehe 20 Septemba 1870, jeshi la Italia liliingia Roma na Papa akapoteza dola yake. Wanaosema fundisho lile lilikuwa la mtu mwenye nguvu nyingi mno watazame kalenda.

SWALI: Kwa nini Crusader Kings III hainiruhusu kucheza kama Papa?
– Mvivu wa kuandika

JIBU: Kwa sababu gemu hilo linafuata damu. Ukifa unaendelea kama mrithi wako, na Papa hana mrithi wa halali wa kuzaa. Tangu mwaka 1059 anachaguliwa na makardinali. Ukitaka kiti chenyewe, fungua Europa Universalis IV uchukue Dola la Papa, maana pale unaongoza nchi, huongozi ukoo. Linaanza mwaka 1444, na kwa taarifa yako mwaka huo palikuwa na antipapa, Felix V, zamani Amadeus VIII mtawala wa Savoia, mjane mwenye watoto, na mwanawe ndiye aliyekuwa akitawala Savoia. Huyo angewafaa sana wale wa Crusader Kings.