Flaiwili imeganda kwenye krenki? Tafuta pula

Ndugu, umesema nati ya flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku) ya pikipiki yako ya Yamaha DT imetoka lakini flaiwili imeng'ang'ania. Tafadhali weka nyundo chini. Krenki (mhimili wa injini unaobeba flaiwili) ya injini ya tu-stroki kama hiyo ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Ukiigonga kwa nguvu inapinda. Pula (kifaa cha kuvuta flaiwili itoke) ya miguu mitatu nayo huumiza sumaku.

Pita Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya spea, utafute pula inayojifunga kwenye thredi (mikato ya skrubu) za katikati ya flaiwili. Beba vipimo vya thredi hizo, na uangalie upande wa kufungia, maana nyingine hufungwa kinyume. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha. Ifunge pula mpaka mwisho wa thredi, kaza bolti yake, kisha gonga kichwa cha bolti hiyo kidogo tu. Ikigoma, kaza tena.

Moto wa gesi usiujaribu: petroli iko karibu, na tena sumaku hudhoofika kwa joto. Thredi zikishakatika, mpelekee fundi mwenye leithi (mashine ya kuchonga chuma).