Kisima chako na choo cha jirani: maswali yenu ya wiki hii

Kisima chetu Mbezi kiko kama mita 12 toka choo cha jirani, ila maji meupe kabisa. Kuna shida?

Weupe haukuambii kitu mama, vijidudu vya kinyesi havionekani kwa macho. Umbali unaoshauriwa sana ni angalau mita 30, halafu kitako cha shimo la choo kibaki kama mita 2 juu ya maji ya ardhini, na usipime kiangazi ukaridhika, pima masika maji yamepanda. Kwa sasa chemsha. Ila kama kuna kichanga wa maziwa ya kopo, usimkorogee kwa maji hayo, chooni inatoka kemikali iitwayo naitreti na kuchemsha hakuiondoi, ikizidi miligramu 50 kwa lita damu ya mtoto inashindwa kubeba oksijeni.

Mafuriko yameingia kisimani, nimwage jiki kiasi gani?

Vuta kwanza yale machafu yote. Maji yakirudi piga hesabu: kisima cha upana mita 1 chenye maji kina cha mita 3 kina kama lita 2,400, na kila lita 1,000 inataka lita 1 ya jiki ya klorini asilimia 5 (soma chupani, isiwe ya marashi). Acha mpaka kesho yake, kisha vuta umwage hadi harufu iishe. Na ile ndoo ya kuchotea jamani, inakaa kwenye tope kuku wanapita juu yake alafu inashushwa ndani, hapo jiki yote umeitupa. Itundike, na ukingo uinue.

Niko Arusha, meno ya wanangu yanakuwa kahawia. Nichemshe?

Hapana kaka, ni floraidi, madini ya miamba ya volkano, ukichemsha inazidi kukolea maana maji yanapungua yenyewe inabaki. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kapime maabara, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, au kinga maji ya mvua.

Kigamboni: jirani kafunga pampu kubwa anauzia maboza, yetu yamekuwa chumvi. Tuongeze kina?

Msithubutu! Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya ya bahari, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake, sasa yeye akivuta mchana kutwa ile chumvi inapanda, na nyie mkichimba mnaifuata hukohuko. Vuteni kidogo kidogo, usiku mkiacha kipumzike. Huyo jirani muulizeni kibali cha kutumia maji, kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na kama hana pelekeni malalamiko kule, kwa maandishi, mkiwa kaya nyingi.