Muulize Fundi: Amplifaya haizimwi?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba mdogo ameniachia amplifaya ya zamani ya transista na spika zake mbili. Shemeji yangu anasema chombo kizuri hakizimwi: kikikaa na joto lake sauti inatulia, na washa-zima ndiyo inayoua. Mke wangu analia na LUKU. Nimsikilize nani?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Shemeji yako hajadanganya, ila ameishia njiani. Unapowasha, umeme huingia kwa kishindo, na transista (vile vipande vidogo vya ndani vinavyokuza sauti) kweli hutulia zikipata joto. Lakini joto hilo hulikosi ndani ya nusu saa. Washa, nenda kaoge, ukirudi iko tayari.

Kinachozeeka ni kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme kwa muda. Fungua uone ile mikebe mikubwa, ubavuni imeandikwa 85°C au 105°C. Ndani ina majimaji, na kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa takribani nusu. Mwaka una saa 8,760. Ukisikiliza saa tatu kila jioni, umetumia 1,095. Zilizobaki unazikaanga kapasita bure. Hapa kwangu Moshi, amplifaya nyingi zinazoletwa kapasita zikiwa zimevimba kichwani zilikuwa zimefunikwa kile kitambaa cha kufuma, cheupe, cha maua, kimeziba matundu yote ya juu. Kitoe leo. Mkeo mwenye sebule atanisamehe.

Kwa LUKU, mkeo ana haki. Ikivuta wati 50 bila kupiga hata wimbo mmoja, ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Kama mko daraja la uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu imekwenda. Ingekuwa ya valvu, yaani ile yenye mirija ya kioo inayowaka ndani, nisingejadili hata kidogo, kwa sababu valvu huchakaa kwa kila saa inayowaka. Vile vya kisasa vinavyobaki na taa ndogo nyekundu havinisumbui. Vingi havili hata wati moja.

Masika ni habari nyingine. Radi haijali swichi. Mawingu yakifunga, chomoa plagi ukutani, na kebo ya dishi kama king'amuzi kimeungwa hapo. Umeme ukikatika, chomoa vilevile. Ukirudi, subiri dakika chache kwanza, maana mara nyingi huja na kuondoka tena.

Wakati wa kuzima, anza na amplifaya, ndipo redio au king'amuzi. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho, sauti ikiwa chini kabisa. Ule mlio wa "tup!" kwenye spika utapungua.