Maswali na majibu: oili ya sintetiki kwa magari ya Ulaya, bei na ubora

Nina Volkswagen ya petroli yenye tabo (turbo). Nimeona madumu mawili ya oili, yote 5W-30, lakini moja ni ghali karibu mara mbili. Tofauti ni nini?

Namba 5W-30 inaeleza mnato peke yake. Sehemu ya 5W inaonyesha jinsi oili inavyokubali kuzungushwa injini inapowashwa kwenye baridi kali, na 30 inaonyesha mnato wake ikiwa imefika nyuzi 100. Kuhusu viongezi vinavyozuia kutu, masizi na asidi, namba hiyo haisemi lolote, kwa hiyo geuza dumu usome lebo ya nyuma.

Ninapoandika haya nimeweka madumu mawili ya namna hiyo mbele yangu. Nyuma ya la kwanza pana ACEA A5/B5 na API SP, basi, yaani madaraja ya ubora ya chama cha watengeneza magari wa Ulaya (ACEA) na ya taasisi ya petroli ya Marekani (API). Nyuma ya la pili pana ACEA C3, pamoja na viwango vya watengeneza magari wenyewe: VW 504 00/507 00 (Volkswagen), MB 229.51 (Mercedes-Benz) na Porsche C30. Kiwango cha C3 kinataka oili inayobanwa kwa kasi kubwa kwenye nyuzi 150 ibaki na mnato usiopungua 3.5 kwa kipimo cha milipaskali-sekunde, ilhali A5/B5 inaruhusu kushuka hadi 2.9, na mnato huo ndio unaotenganisha chuma na chuma pale kranki inapozunguka ndani ya bearingi zake. Kwa mbele madumu hayo yanafanana, kwa nyuma ni oili mbili tofauti kabisa, na kulinganisha bei zake ni sawa na kulinganisha bei ya mchele na ya unga. Anza na kitabu cha gari: kikitaka VW 504 00, dumu la kwanza halimo kwenye hesabu, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Lebo moja inasema oili "inakidhi matakwa ya MB 229.5", nyingine inasema ina idhini ya MB 229.5. Je, si jambo lile lile?

Si jambo lile lile, na ningependa kila mwenye gari alifahamu hili kabla ya kutoa fedha. Idhini maana yake ni kwamba mtengeneza oili aliwasilisha mchanganyiko wake, ukapimwa kwenye maabara na ndani ya injini, naye Mercedes-Benz akaukubali na kuuingiza kwenye orodha anayoichapisha, ambamo unaweza kuitafuta oili kwa jina lake. "Inakidhi" ni kauli ya muuzaji mwenyewe. Huenda ni kweli, lakini mtengeneza gari hakuithibitisha.

Kipimo kimoja kinaonyesha uzito wa jambo hili. Oili huchemshwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa ni kiasi gani kimeyeyuka na kupotea hewani. ACEA inaruhusu hadi asilimia 13, MB 229.5 inakomea asilimia 10. Mwenye injini inayokula oili ataiona tofauti hiyo kwenye kijiti cha kupimia. Kwa hiyo pengo la bei kati ya madai na idhini ninashauri ulilipe. Pengo kati ya oili mbili zenye idhini ile ile, za kampuni mbili tofauti, sioni sababu ya kulilipa.

Nimesikia kwamba oili nyingi zinazoitwa sintetiki zinatokana na mafuta ghafi ya kawaida. Je, tunadanganywa?

Ulichosikia kina ukweli. API hugawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Kundi la 3 ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa hadi molekuli zake zikabadilika umbo, kundi la 4 ni PAO, inayoundwa kiwandani kutoka molekuli ndogo, na kundi la 5 lina vilivyobaki, esta zikiwamo. Mwaka 1999 nchini Marekani, Mobil ilipinga matangazo ya Castrol kuhusu neno hili, na chombo cha kusimamia maadili ya matangazo kikaamua kwamba oili ya kundi la 3 inaweza kuitwa sintetiki. Ujerumani imeshikilia maana finyu zaidi, ndiyo sababu kwenye madumu ya huko utakuta maneno "HC-Synthese", yaani oili ya kundi la 3, badala ya sintetiki kamili. Shell nayo hutengeneza mafuta ya msingi ya Helix Ultra kutoka gesi asilia.

Hata hivyo singekushauri ulipe zaidi kwa ajili ya PAO peke yake. PAO hutiririka vizuri mno kwenye baridi kali na huvumilia joto, lakini jaribio la idhini huipima oili nzima, msingi na viongezi pamoja, wala halijali ilikotoka. Oili ya kundi la 3 yenye idhini ya gari lako ni bora kwako kuliko ya PAO isiyo nayo.

Gari langu ni la dizeli lenye kichujio cha masizi. Fundi anataka kuweka oili ya ACEA A3/B4 kwa kuwa ni nafuu. Nimkubalie?

Usimkubalie. A3/B4 huacha majivu ya asilimia 1.0 hadi 1.6, na C3 haizidi 0.8. Kichujio kinapojisafisha huunguza masizi, lakini majivu hayaungui, hubaki humo na kujaa mwaka hadi mwaka. Unachookoa kwenye dumu ni kidogo sana ukikilinganisha na bei ya kichujio kipya.

Je, oili ghali itaniwezesha kufika kilomita 30,000 bila kuibadilisha?

Volkswagen huruhusu hadi kilomita 30,000 au miaka 2 kwa magari yaliyopangiwa huduma ya muda mrefu, yakitumia oili ya 504 00/507 00. Ruhusa hiyo inategemea gari na idhini, haitegemei bei. Anayesafiri safari fupi, injini ikizimwa kabla haijapata joto, hukusanya petroli na maji ndani ya oili, na kwa mtu huyo mimi hukata muda huo kwa nusu. Linganisha gharama kwa kila kilomita 1,000, ukihesabu filta na kiasi cha oili kinachoingia kwenye injini: injini inayobeba lita 6.5 za oili haitoshelezwi na dumu la lita 5, na lita za kununua moja moja huwa ghali zaidi.

Naweza kuweka 0W-20 ya VW 508 00 kwenye gari la zamani?

Hapana. Ni nyepesi na haikukusudiwa injini za kabla yake. Imetiwa rangi ya kijani ili itambulike.

Oili imepungua nikiwa safarini na aina yangu haipatikani. Nifanye nini?

Ongeza oili yoyote ya ACEA yenye mnato unaokaribiana, kwa kuwa kuendesha bila oili ya kutosha kunaumiza injini haraka zaidi. Usizidishe nusu lita, na uandike kwenye daftari la huduma kiasi ulichoongeza na jina lake, ili fundi ajue atakapoimwaga.